Kadi ya Mama Mkwe

Tusipindishe maneno: siku ile mpumbavu alikuwa yeye. Wa kulaumiwa hakuwa mgonjwa, wala muuguzi, wala dereva wa gari la wagonjwa aliyechelewa nusu saa. Alikuwa tabibu mwenyewe, mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, miaka kumi na tisa kazini, mtu ambaye mji mzima ulimwita Dokta Kicheko kwa sababu aliweza kumtumbua mtu jipu huku mwenye jipu anacheka. Na angekuwa hajui, ingekuwa nafuu. Alijua vizuri sana la kufanya, akafanya lingine.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Benchi la nje ya chumba chake lilijaa wale walioiona foleni ya Jumatatu wakaghairi, kisha wakarudi wote kwa pamoja. Dokta Kicheko alishawaona kumi na mmoja. Alimwambia mzee mwenye kikohozi kwamba kifua chake kinakoroma kama redio inayotafuta stesheni, na akamwuliza mama mwenye presha kama ni yeye aliyeipandisha au ni mume. Mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe wake.

Mama mkwe huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikula chaki miaka thelathini na mbili. Alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake haipandi wala haishuki, na miwani yake ilikuwa na kamba shingoni. Nusu ya mji ilipita darasani kwake, na wote waliendelea kumwita Mwalimu. Mkuu wa polisi akikutana naye njiani huchomekea shati. Dokta Kicheko, ambaye hakuna aliyenusurika na utani wake, mbele ya mama huyu utani wake ulipiga hodi kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Mbona umekaa kwenye foleni? Si ungenipigia simu nikaja mwenyewe nyumbani?"

"Foleni ni ya wagonjwa. Mimi ni mgonjwa."

Alikaa kwenye kiti taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu kinachoweza kuvunjika. Tumbo, akasema. Limeanza jana. Linakuja linakata, linaachia, linakuja tena. Na ametapika mara mbili.

"Jana ulikula wapi, mama? Isije ikawa ulionja vya jirani."

"Nilikula kwangu, nilipika mwenyewe, na nilinawa mikono."

"Na choo? Unapata choo? Upepo unatoka?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Mkwe wangu, kuna maswali mtu huulizwa na watu wengine."

Hapo palihitaji kuulizwa tena. Dokta Kicheko akacheka, akapita.

Mwalimu alipanda kitandani nyuma ya pazia akisaidiwa na muuguzi, yule ambaye Dokta alimbatiza Sista Kimya kwa kuwa siku nzima angeweza kusema maneno tisa, na yote tisa yakawa ya lazima. Mwalimu alivua viatu, akavipanga sawasawa chini ya kitanda. Kitenge alikuwa amekifunga kiunoni kwa mafundo mawili, na yote mawili aliyashikilia.

Dokta akamgusa tumbo juu ya kitovu, juu ya blauzi, kwa vidole viwili, kama anayejaribu pasi kama imepata moto. Lilikuwa limejaa kidogo. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia, akasikia tumbo likinguruma kama gari linalokataa kuwaka.

"Hapa panauma?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

"Kidogo."

Sasa, ukutani nyuma yake, juu kidogo ya mizani ya kupimia watoto, palikuwa na karatasi yenye maandishi makubwa ya kalamu nene: ANAYELALAMIKA TUMBO, TAZAMA KINENA. Aliyeiandika ni yeye. Kila mwaka walikuja wanafunzi wa uuguzi kujifunza kazi, na kila mwaka aliwasimamisha chini ya karatasi ile akawaambia tumbo la daktari haliishii kwenye mkanda. Linaanzia kifuani linaishia magotini, na ambaye hawezi kumvua mgonjwa nguo, na avue koti lake aende zake. Wanafunzi walicheka, wakaandika. Siku hiyo karatasi ilimwangalia kisogo.

Sista Kimya akapeleka mkono kwenye fundo la kitenge. "Nilegeze?"

"Ah, sista. Huyu ni mama mkwe wangu. Nikitazama huko, nyumbani nitaingilia mlango upi?"

Mwalimu hakucheka, ila pumzi aliyokuwa ameibana ikamtoka. Na yeye Dokta akashusha yake. Kama kulikuwa na mtu aliyepaswa kushtuka, ni yeye, maana aliona wazi kwamba wote wawili wamepona jambo moja.

"Basi toka nje kidogo," alisema Sista Kimya. "Nimtazame mimi."

Dakika moja tu. Angetoka, angesimama mlangoni, angemtania mtu mmoja wa foleni, angerudi. Akatazama saa ya ukutani, akatazama vivuli vya watu mlangoni, na juu ya hayo yote akaona haya kwamba muuguzi ndiye anayemfundisha kazi mbele ya mkwe.

"Hakuna haja. Ni gesi hii, na tumbo limevurugika. Mchome ile sindano ya kutuliza mikazo."

Kisha akakaa mezani akaandika kadi. Mkono ulijua njia wenyewe: Moyo, sawa. Mapafu, sawa. Tumbo, limejaa kidogo, laini. Kinena, sawa. Kalamu haikusita hata mahali pa kuweka nukta. Maneno yale alishayaandika labda mara elfu ishirini, na mara nyingi yalikuwa kweli.

Alimpeleka Mwalimu akapumzike nyumbani kwake, mwendo wa dakika tano, kwenye chumba cha watoto, kwa kuwa watoto walikuwa shule. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kibarazani hapohapo, kwa hiyo mgonjwa hangekuwa peke yake. Saa saba Dokta alikwenda kula, akachungulia. Mama mkwe amelala ubavu, magoti ameyakunja hadi karibu na kidevu.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Sindano moja tu, amelala kama mtoto. Mkwe wa kweli ni huyu, wengine ni wapangaji."

Mkewe akacheka, mdomo umejaa pini. Kilikuwa kicheko cha mwisho alichompa wiki ile. Dokta akanawa, akala, akarudi kazini, asijiulize kwa nini mtu aliyepona tumbo analala amejikunja kama jani linaloungua.

Saa tisa alasiri simu ikaita.

"Mama anatapika," alisema mkewe.

"Anatapika nini?"

"Mwanzo kilikuwa kijani. Sasa hivi... Baba watoto, kinanuka kama cha chooni."

Dokta akasimama.

"Halafu nimembadilisha nguo. Kuna kitu huku chini, kwenye mkunjo wa paja, upande wa kulia. Si kikubwa, kama yai la kuku anayeanza kutaga. Kigumu, na ngozi yake imekuwa nyekundu. Nikikigusa anashika ukuta. Asubuhi wewe ulikionaje?"

Akakaa tena.

"Nakuja," akasema, na hilo halikuwa jibu la alichoulizwa.

Hakuhitaji kufungua kitabu. Kwenye mkunjo ule pana kitundu chembamba, na kwa wanawake wa makamo kwenda juu kipande cha utumbo huweza kupenya hapo kikatokeza chini ya ngozi. Ni ngiri, ile ndogo, isiyoonekana ukiwa umevaa. Ikiingia na kutoka, mtu anaweza kukaa nayo miaka. Ikikwama, imekwama kama mwizi dirishani: utumbo unakabwa shingo, kinachopita ndani hakipiti, damu haifiki, na saa kwa saa kipande kile kinakufa. Kikishakufa kinapasuka. Wanafunzi aliwaonyesha kwa soksi na pete, na walipenda sana somo hilo.

Alitoka mbio na Sista Kimya nyuma yake na begi. 

Tukubaliane kwamba kuanzia hapo kazi aliifanya. Kitenge kilifunguliwa, akatazama, akagusa kwa kidole kimoja, na ile aibu ya asubuhi hakuiona hata alipoitafuta. Hakujaribu kukirudisha kivimbe ndani, kwa kuwa utumbo uliokufa ukisukumwa unarudi tumboni na sumu yake. Alimzuia mkewe aliyekuja na kikombe cha maji: hakuna kitu mdomoni, hata tone. Sista Kimya akapata mshipa kwa mara moja, dripu ikaanza kukimbia. Dokta akapitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, na uchafu wa rangi ya kahawia ukatiririka kwenye mfuko, tumbo likapata nafasi ya kupumua. Sindano ya maumivu, sindano ya kuzuia vijidudu. Akapiga simu ya gari, akapiga simu hospitali kubwa.

Maumivu yalipopungua, alichuchumaa karibu na mto.

"Mama, hiki kitu kipo tangu lini?"

"Nilidhani ni mtoki. Mwaka mzima kinatoka na kurudi." Akapumua. "Jana saa kumi jioni niliinua ndoo. Kikatoka, kikakataa kurudi."

"Na asubuhi hukuniambia."

"Wewe ni mkwe wangu," alisema Mwalimu, kwa sauti ileile aliyowaambia watoto kwamba mbili na mbili ni nne.

Ndani ya gari, mke alikaa mbele na dereva. Sista Kimya alishika dripu, Dokta alishika mfuko wa mpira wa puani. Mwalimu alikuwa amevaa miwani yake. Kadi ya asubuhi, aliyopewa aiweke kwenye mkoba, ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa akiisoma mstari kwa mstari kama anavyosoma kila kilichoandikwa, hata vibandiko vya chupa.

"Mwandiko wako umenyooka," alisema, mpira unamkwaruza koo. "Zamani, darasani kwangu, ulikuwa unaandika kama kuku."

Dokta alifungua mdomo atoe utani, kama desturi yake. Haukuja hata mmoja.

Hospitali kubwa ilikuwa na chumba kimoja cha upasuaji kilichokuwa kinafanya kazi siku hiyo, na mtu wake alikuwa tayari mlangoni, kwenye kitanda cha magurudumu: fundi wa kuezeka aliyeanguka kutoka juu ya paa, mfupa wa paja umetokeza nje ya ngozi. Daktari wa upasuaji alikuwa mama mfupi, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko, mwenye haraka isiyo na papara. Alifunua kitenge cha Mwalimu kwa mkono mmoja kama anayefunua daftari. Akatazama. Akagusa. Akachukua kadi.

"Saa tatu asubuhi kinena kilikuwa sawa. Nani alimpima?"

"Mimi," alisema Dokta Kicheko.

"Mama, hiki kilitoka saa ngapi?"

Mwalimu hakumtazama mkwe wake. Alitazama dari. "Mchana," akasema. "Saa nane hivi."

Mama yule, ambaye hakuwahi kumwongezea mwanafunzi hata nusu alama, alimpa mkwe wake saa ishirini na mbili nzima bila kupepesa.

Daktari akautazama mfuko wa kahawia. "Matapishi haya ni ya zaidi ya saa mbili na nusu," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Lakini kadi inasema hivyo, na mama anasema hivyohivyo. Basi utumbo bado una uhai. Naanza na paja la huyu fundi, mfupa umeshika mchanga. Saa tatu, nne. Halafu mama." Akampa muuguzi wake kadi, akageuka.

Saa nne juu ya ishirini na nne. Dokta alizijumlisha, na jumla yake aliijua. Mkewe alikuwa amesimama begani kwake la kushoto. Sista Kimya alikuwa ukutani, chupa ya dripu ameiinua juu, akimtazama yeye tu.

Na hapa ndipo alipojiona zaidi ya mahali pengine pote. Maana wazo la kwanza lililomjia halikuwa la mama mkwe. Lilikuwa la koti. Aliwaza barua ya kuitwa kujieleza. Aliwaza mji utakavyosema, Dokta Kicheko amemcheka mkwewe hadi kaburini. Aliwaza kwamba utumbo mwingine ni mgumu, huvumilia. Pengine watafungua wakute mzima, na kadi itaingia kabatini na kabati litafungwa. Wazo la mama mkwe lilikuja la nne au la tano, nalo lilikuja na miwani yake na kamba shingoni, amelala pale, akimlinda mtu mzima mwenye ndevu kwa maisha yake mwenyewe.

"Daktari."

"Nakusikia."

"Kinena hakikuwa sawa."

"Sema kwa sauti, hizi mashine zinapiga kelele."

"Sikukitazama kinena," alisema Dokta Kicheko kwa sauti, na korido yote ikasikia, hata fundi wa kuezeka aligeuza shingo. "Niliandika tu. Kimetoka jana saa kumi jioni. Mama anasema mchana kwa ajili yangu."

Mwalimu akafumba macho. Begani kwake, Dokta alisikia pumzi ya mkewe ikikatika katikati, na hakuthubutu kugeuka aone imeishia wapi.

Daktari wa upasuaji hakumgombeza. Angegombeza ingekuwa afadhali. "Saa ishirini na nne na nusu," alimwambia muuguzi wake, kama kwamba hapakuwa na mtu mwingine. "Lioshe paja, lifunike, mwongezee dawa. Huyu mama anaingia sasa hivi." Akarudi akamnyooshea Dokta kadi. "Futa mstari huo, andika ukweli, weka sahihi. Ungeniambia saa tatu baadaye, ningekuwa nakupa pole."

Alifuta. Mkono uliozoea kwenda wenyewe ulikandamiza hadi kalamu ikatoboa kadi. Akaandika: Kinena, hakikutazamwa. Magurudumu yakaondoka.

Walikaa kwenye benchi la korido. Mkewe alikaa mwisho kabisa, akaweka mkoba katikati, na mkoba ule ulikuwa ukuta. Dokta akatazama sakafu. Baada ya muda Sista Kimya alikuja akasimama mbele yake.

"Ningemtazama mimi," alisema.

"Najua."

"Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye fundo."

"Najua, sista."

"Nami nikauondoa. Nikajiambia, wakubwa wenyewe wanajuana." Akamsukuma kidogo kwa goti. "Sogea. Hilo benchi hujalinunua."

Akakaa. Hayo yalikuwa zaidi ya maneno tisa, na siku hiyo hakusema mengine.

Saa moja jioni daktari akatoka, kofia imemwachia mstari kwenye paji la uso. Wamekata kipande cha urefu wa shubiri, alisema, cheusi kama mpira wa baiskeli uliokaa juani. Kilikuwa hakijapasuka, ila ukuta wake ulikuwa umekonda hadi unapitisha mwanga. Wameunga mzima kwa mzima. Sasa ni kusubiri. Akamweleza mke wa Dokta hayo yote, si Dokta.

Siku tatu zilizofuata Dokta alifanya kazi kama mtu aliyeazima mikono. Wagonjwa walinong'onezana kwenye benchi: leo dokta amekula nini, mbona hatanii? Kila aliyetaja tumbo alifunuliwa hadi magotini, na mzee mmoja aliyekuja na jino nusura naye avuliwe suruali. Barua ya kujieleza aliiandika mwenyewe kabla hajaitwa, kurasa mbili, akampelekea mkuu wa kituo. Nyumbani mkewe alizungumza naye kwa kupitia watoto. Mwambie baba yenu chakula kiko mezani. Mwambie baba yenu funguo ziko msumarini. Watoto walifikisha salamu kwa uaminifu mkubwa, huku wamesimama katikati ya watu wawili walio umbali wa hatua mbili.

Usingizi ukimjia, aliiona ile ncha ya kalamu ikipita. Sawa. Sawa. Sawa. Hakuwa anakumbuka uso wa mama mkwe, alikumbuka nukta.

Siku ya tano Mwalimu alitolewa mpira wa puani. Upepo ulishatoka, na safari hii aliulizwa na daktari wa upasuaji mbele ya wodi nzima, akajibu kwa sauti, bila kutazama dirisha. Aliruhusiwa maji kidogo kidogo. Dokta na mkewe walikutana kitandani kwake saa ya kuwaona wagonjwa, huyu upande huu, yule upande ule. Mwalimu alikuwa ameegemea mito miwili, macho amefumba, mikono ameiweka juu ya shuka.

"Mama," alisema Dokta taratibu, "nimekuja kuomba radhi. Nilikosa."

Mwalimu hakufumbua macho. Mkewe ndiye aliyejibu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tano kumsemesha yeye mwenyewe.

"Kuanzia leo hutamgusa mtu wa kwetu. Hata akiwa na mafua."

"Nimeshasema nimekosa. Nimesema mbele ya daktari, nimesema mbele yako, nimeandika barua. Unataka nikaseme na redioni?"

"Nataka useme bila 'lakini'."

"Sijasema lakini."

"Inakuja. Naiona kwenye shingo inapanda."

Na kweli ilikuwa inapanda. Dokta Kicheko alikuja pale amejaa hatia hadi masikioni, alikuja akiwa tayari kupigwa. Lakini mtu akipigwa mahali alipokwisha kujipiga mwenyewe siku tano mfululizo, hukasirika.

"Lakini ni mama yako," alisema. "Tuseme ukweli. Ungetaka nimfunue mama mkwe wangu mchana kweupe, na benchi limejaa watu mlangoni? Wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kunisema."

"Ungetoka nje. Sista alikuwepo."

"Niliona haya. Basi. Mtu mwenye malezi akisimama mbele ya mkwe huona haya, hilo si kosa la udaktari. Wewe ulitaka uolewe na mtu asiye na haya?"

Kwenye kitanda cha pili, mama mmoja mwenye bandeji shingoni, ambaye tangu mwanzo alijifanya amelala, akatikisa kichwa kukubali. Dokta akamwona, akapata nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alijisikia, kidogo, kama mtu anayeonewa.

"Muulize mtu yeyote," akaendelea. "Muulize hata huyu mama hapa. Heshima ndiyo iliyoniponza. Nilimheshimu mama kupita kiasi, hilo ndilo kosa langu, na kosa la heshima mtu—"

Mwalimu akafumbua macho. Akaitafuta kamba ya miwani shingoni, akavaa miwani, akamtazama mkwe wake kwa muda uliotosha kumrudisha darasa la tatu.

"Macho yako yaliona haya, mkwe wangu, hilo nimelikubali," alisema. "Na huo mkono ulioandika 'sawa', ulikuwa unamwonea haya nani?"